Mtaalamu wa Kutohusika

Kwenye tovuti ya kampuni ya mawakili aliyofanyia kazi Dar es Salaam, Protasi alionekana amekunja mikono kifuani, kichwa kimeinama kidogo upande, uso wa mtu anayesikiliza shida za mjane. Hakuwahi kusikiliza shida za mjane yeyote. Mpiga picha ndiye aliyemwambia ainamishe kichwa, kwa sababu kikikaa wima kipara kilikuwa kinarudisha mwanga.

Kampuni ilikuwa kubwa, imekalia ghorofa kadhaa za jengo refu la vioo, na kila wakili alikuwa na kipande chake cha sheria ambacho hakukitoka. Suzan, aliyeanza maisha akiwa muuguzi wa wodi ya wazazi, siku hizi alitetea makampuni ya dawa tu. Alfonce alikuwa fundi umeme kabla ya kurudi shule. Sasa aliandika mikataba ya minara ya simu, na ukimuuliza habari za talaka alikutazama kana kwamba umemwuliza njia ya kwenda mwezini. Protasi naye alitokea seminari. Alibakiza kidogo awe padri, akatoka, akasoma sheria, akahangaika huku na huku, mwisho akajikuta bingwa wa kifungu kimoja katika mikataba ya kukodisha ndege. Ni kifungu kirefu, hukaa karibu na mwisho pale ambapo msomaji ameshachoka, nacho husema kwamba likitokea lolote, hata ndege ikianguka, mteja wetu hahusiki.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Wenzake waliandika mkataba mzima, kisha walimletea yeye atie ile sehemu ya kutohusika, kama vile chakula kinavyopelekwa kwa mtu wa kutia chumvi. Aliifanya vizuri mno. Mahakamani hakuwa amekanyaga tangu siku aliyoapishwa, na hata siku hiyo alikwenda zaidi kwa ajili ya picha.

Kwao Nyakisasa, wilayani Ngara, habari hizi za vipande hazikujulikana. Wakili ni wakili, anasimama, anasema, watu wanafunguliwa. Mama yake, Adelfina, aliwaambia waumini wenzake kigangoni kwamba mwanawe ni wakili wa ndege, nao waliitikia kwa heshima, maana ndege zilipita juu ya migomba yao mara moja moja na hakuna aliyejua zina ugomvi gani.

Adelfina aliishi peke yake tangu mumewe afariki, na Protasi ndiye mtoto pekee. Lakini kusema peke yake si sawasawa, kwa sababu alikuwepo Kaneza. Kaneza alifika pale akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, mama yake anakimbia vita Burundi. Akakulia hapo hapo, akaolewa, akazaa, akazika mume, akawa mjane wa jirani. Kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na uzio wa minyaa wenye pengo, na wanawake wale walikuwa wakipita penye pengo hilo kupeana moto, chumvi na maneno tangu kabla Protasi hajazaliwa. Huko Dar es Salaam Protasi alilala usingizi mzuri kwa sababu ya Kaneza. Kila roho ilipomsuta kwamba hajaenda nyumbani, alijijibu kwamba mama yuko na Mama Kaneza, akageukia upande wa pili wa mto.

Ndiyo maana simu ya mama yake ilimchanganya.

"Protasi, nimeshtakiwa baraza la kata."

"Na nani?"

"Kaneza. Anasema mbuzi wangu wamekula maharage yake." Halafu Adelfina, ambaye hakulia mbele za watu hata siku ya kumzika mumewe, akalia. "Si mara ya kwanza mbuzi kuingia kule. Siku zote nakwenda, nasema tumekosa, tunakunywa rubisi, yamekwisha. Sijui safari hii nimemkosea nini. Njoo, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Protasi alipaswa kuhuzunika, na alihuzunika kweli, baadaye. La kwanza alilosikia moyoni ilikuwa furaha. Miaka yote hii ya kuandika kifungu kimoja, hatimaye mtu alikuwa anamhitaji wakili. Akaomba ruhusa, akapanda ndege hadi Mwanza (mkataba wa kuikodi ndege ile alikuwa ameupitia mwenyewe, kwa hiyo alijua kabisa kwamba ikianguka hakuna atakayehusika), akakodi gari, akapita Geita, akapita Biharamulo, akafika nyumbani jioni na suti yake imening'inia kwenye kioo cha nyuma.

Alimkuta mama yake ameketi jikoni anamenya ndizi polepole. Karibu na mlango palikuwa na dumu la rubisi, ile pombe ya ndizi, limeandaliwa.

"Kesho nitasema mbuzi ni wangu," Adelfina alisema. "Tutakunywa hii na Kaneza mbele ya wajumbe, tutarudi pamoja."

Hapo mtaalamu akaamka ndani ya Protasi. Kukiri dhima, yaani kusema wazi kwamba kosa ni letu, mbele ya chombo cha kisheria, bila kulazimishwa, tena na kinywaji juu yake. Alihisi mgongo unamsisimka.

"Mama, usikiri chochote. Ukiulizwa, sema hivi: sikubali wala sikatai."

"Sikubali wala sikatai nini?"

"Lolote watakalouliza."

"Lakini mbuzi ni wangu, Protasi. Kila mtu anawajua."

"Kujua ni jambo moja. Kuthibitisha ni jambo lingine."

Adelfina alimtazama mwanawe aliyesomeshwa kwa kahawa na kwa sadaka za watu, akaona si busara kumpinga. Akaurudia ule msemo taratibu huku akimenya, kama anayejifunza sala mpya. Protasi aliona mama yake amekonda. Akasema moyoni kwamba ni mawazo ya kesi, na kesi ikiisha atanenepa.

Asubuhi yake baraza lilikaa. Mwenyekiti alikuwa mzee Telesfori, mkulima wa kahawa aliyekuwa msimamizi wa kipaimara cha Protasi, lakini kazi ni kazi, akamwuliza yeye ni nani.

"Ni wakili wa mlalamikiwa."

"Mawakili hawaruhusiwi kusimama hapa. Sheria ndivyo inavyosema."

Protasi hakulijua hilo. Ni sheria ya nchi, imeandikwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaifundishwa, lakini haihusu ndege. Alisimama na tai yake, masikio yanawaka moto, wajumbe wanamtazama kwa huruma.

"Basi mimi ni mtoto wake," alisema.

"Mtoto anaruhusiwa," Telesfori alisema. "Keti."

Kaneza aliitwa aeleze. Alikuwa mwembamba, amejifunga kanga mbili, Kirundi kingali ulimini, na hakupoteza maneno. "Mbuzi wa Adelfina wamemaliza maharage yangu. Nataka mtu wa nyumba yake asimame aseme. Shauli langu ni hilo."

"Adelfina," mwenyekiti aliuliza, "mbuzi ni wako?"

Adelfina alimwangalia mwanawe, akameza mate. "Sikubali wala sikatai."

Mjumbe mmoja akakohoa kikohozi kisichokuwepo. Na hapo mbuzi mwenyewe, jike la kahawia lenye pembe moja iliyopinda, ambalo lilikuwa limekata kamba na kuwafuata njia nzima, liliposikia sauti ya Adelfina likaingiza kichwa mlangoni na kulia mee kwa mapenzi yote.

Watu wote wakamgeukia mbuzi, kisha Adelfina, kisha Protasi. Protasi akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mbuzi huyo asizingatiwe. Hajawasilishwa kama kielelezo."

Miaka mingi baada ya hapo, kila alipokumbuka sentensi hiyo akiwa anaoga, alilazimika kufungua maji kwa nguvu ili asijisikie. Lakini siku ile aliiona ni nzuri. Damu ilikuwa imeshamchemka. Akamgeukia Kaneza, mwanamke aliyemfundisha kutembea.

"Mama, uzio wa shamba lako, si ule wa minyaa, ulivunjwa?"

"Haukuvunjwa."

"Mlango ulikuwa wazi au umefungwa?"

"Huwa naufunga."

"Uzio mzima, mlango unafungwa. Sasa mbuzi waliingiaje?"

Kaneza alimwangalia Protasi kwa muda mrefu, hakujibu. Protasi aliusikia ukimya ule ukimwingia mwilini kama asali. Hivi ndivyo wanavyojisikia, alijiambia, wale wanaokwenda mahakamani.

Telesfori alivua miwani akaifuta. "Mlalamikaji hawezi kueleza mbuzi waliingiaje," alisema kwa sauti ya mtu aliyepewa kazi asiyoipenda. "Shauri halijathibitika. Nendeni nyumbani." Akaangalia sakafuni, pale katikati ambapo kwa kawaida dumu la mkosaji huwekwa na pande mbili hunywa kwa kibuyu kimoja. Hapakuwa na kitu. Dumu lilikuwa kwenye buti la gari, Protasi alilificha huko lisije likaonekana ni dalili ya kukiri. Wajumbe walitoka wakavaa kofia zao, na hakuna aliyempongeza mtu.

Nje, Kaneza alimsogelea.

"Unakaa siku ngapi, mwana wanje?" aliuliza, akimwita mwanangu kwa Kirundi.

"Naondoka sasa hivi, mama. Kesho nina mkataba."

"Kweri?" Kaneza alisema. Akamwangalia tena vile vile, akajifunga kanga vizuri, akaenda zake.

Protasi alimrudisha mama yake nyumbani, akamfunga mbuzi, akamkumbatia mama upesi upesi, akaondoka. Njiani alikuwa akiirudia kesi nzima kwa sauti, anauliza swali, anajibu, anajisifu. Alipofika Biharamulo njaa ikamsimamisha, akaegesha karibu na stendi, akaagiza wali na samaki. Ndipo alipoona watu wa meza ya jirani wanavuta pua. Kwenye makorongo ya barabara kifuniko cha dumu kilikuwa kimeruka, rubisi imelowesha buti na koti la suti aliloliweka humo na kulivaa tena aliposhuka, na wakili wa ndege alikuwa ananuka kilabu saa za mchana.

Akampigia mama yake ili wacheke pamoja.

"Umefika wapi?" Adelfina aliuliza.

"Biharamulo. Mama Kaneza anasemaje? Amenuna?"

"Ameziba pengo. Amekata miiba akaijaza pale."

Protasi akaketi wima. "Mama, hiyo ni haki ya njia. Mmepita pale zaidi ya miaka thelathini. Hawezi kuziba. Tukimshtaki kwa hilo..."

Alimsikia mama yake akipumua, pumzi fupi fupi, kama mtu aliyetoka kuchota maji bondeni.

"Mama? Uko salama lakini?"

"Sikubali wala sikatai," Adelfina alisema.

Protasi akacheka. Kisha akasubiri mama naye acheke, akasubiri, na hakuna aliyecheka. Hakuwa anatania. Alikuwa ameulizwa jambo ambalo jibu lake lingemponza, na alikuwa amelitumia lile alilofundishwa, mahali pake kabisa, kama mwanafunzi mwema. Sahani ya wali ikaletwa. Protasi aliitazama asijue ni ya nani. Hofu ilimpanda, hofu ya kitoto, ya kuamka usiku na kukuta kitanda cha mama kitupu. Akalipa, akageuza gari, akarudi alikotoka.

Aliamua aanzie kwa Kaneza. Alilijua kosa lake, au alidhani analijua, nalo lilikuwa la kuondolewa kwa njia ya kwao: unabeba rubisi, unakwenda, unasema tumekosa. Jua lilikuwa halijazama alipoingia uani kwa Kaneza na dumu lenye rubisi nusu, suti inanuka. Kaneza alikuwa anapepeta maharage, yale machache yaliyosalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

Protasi akasimama wima. Katika seminari alikuwa amejipiga kifua kila asubuhi, kwa miaka, na kukiri mbele ya Mungu na wenzake bila shida yoyote. Sasa alifungua kinywa, na kilichotoka ni hiki:

"Mama, nimekuja kueleza masikitiko kuhusu tukio lililotokea. Inasikitisha kwamba maharage yaliliwa."

"Yaliliwa na nani?"

"Na mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

Ulimi ulimwambia aseme wanaodaiwa kuwa wa mama. Akaurudisha nyuma. Ulimi ukamletea mbuzi husika. Akaurudisha tena. Jasho lilikuwa linamtoka mbele ya mwanamke aliyeketi na ungo, na alijiona mjinga jinsi alivyokuwa mjinga kweli.

"Wa kwetu," alisema mwishowe. "Mbuzi ni wa kwetu. Tumekosa. Na mimi nimekosa kuliko mbuzi."

Kaneza akaweka ungo chini. Akachukua kibuyu, akamimina, akanywa kidogo, akampa. Protasi akanywa, akidhani yamekwisha.

"Uliniuliza mbuzi waliingiaje," Kaneza alisema. "Niliwafungulia mimi."

Protasi alibaki na kibuyu mkononi.

"Nilikwenda kwa Adelfina nikawafungua kamba, nikawaswaga hadi kwangu, nikafungua mlango. Nikakaa pale nawatazama wanakula maharage yangu. Yaliniuma, usifikiri."

"Kwa nini, mama?"

"Mama yako alianguka jikoni mvua zilipoanza. Nilimkuta chini. Tukambeba na vijana, tukampeleka hospitali Biharamulo. Walisema presha, imempiga upande mmoja. Mkono wa kushoto hauinuki mpaka leo. Nikamwambia, Adelfina, mpigie mtoto. Akasema mtoto ana kazi. Nikamwambia basi nipe namba nipige mimi. Akaniapisha, kwa rozari, nisikwambie. Nikakaa, nikafikiri. Nikasema haya, kama hawezi kumwita kwa ugonjwa, atamwita kwa kesi. Mimi nitampa mtoto kazi."

Alisema hayo bila kupandisha sauti. Alimwona mama yake jikoni, kisu mkono wa kulia, ndizi ameibana kwa goti, na yeye mtaalamu ameketi mbele yake jioni nzima anamfundisha namna ya kutojibu.

"Hospitali walisema asilale peke yake," Kaneza aliendelea. "Nimelala naye mimi, hata baada ya kumshtaki; jana tu nilikuachia wewe. Usiku namgeuza, asubuhi namvalisha, halafu nakwenda shamba langu. Sasa na mimi mgongo umekataa. Nikasema mtoto akija ataona. Ukaja. Ukamwona mbuzi, ukauona uzio wangu, mama hukumwona. Ulipopanda gari ndipo nikakata ile miiba, kwa hasira. Si juu yako tu. Hasira juu yangu mwenyewe pia."

Katika kesi nzima, basi, Adelfina alikuwa hana kosa hata chembe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Protasi alikuwa amesema mteja wetu hahusiki na ikawa ni kweli. Aliliona hilo, akaona jinsi ambavyo wenzake kule ghorofani wangelicheka, na akashangaa kwamba yeye analia.

"Umekinywa kiapo, mama," alisema, hajui anasema nini. "Yaani, umeapa kwa rozari, umevunja kiapo."

"Nitakwenda kuungama. Padri ananijua," Kaneza alisema. "Leo usiku nani analala naye?"

Protasi alifungua kinywa. Maneno yalikuwa yamejipanga tayari: tutaangalia utaratibu, tutatafuta binti wa kusaidia, nitatuma pesa. Kaneza alimsubiri bila haraka, mikono juu ya magoti.

"Mimi," Protasi alisema.

"Na kesho?"

"Mimi."

Kaneza hakuuliza habari za keshokutwa. Akamwelekeza tu. Uji uwe mzito, mwepesi unampalia. Ndizi azisage. Anapomgeuza asimvute mkono ule, ashike bega. Akisema hana njaa asimwamini. Protasi alisikiliza kichwa kimeinama upande, na safari hii hakuna aliyemwambia akiinamishe.

Alitoka akaifuata njia ya kuzunguka, maana miiba bado ilikuwepo. Adelfina alikuwa jikoni, ameketi pale pale, moto umefifia. Aliposikia hatua aliinua uso, akajaribu kusimama, na Protasi akaona sasa kile ambacho jana yake kilikuwa mbele ya macho yake: mkono wa kushoto ulibaki mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa amshikie.

"Protasi? Mbona umerudi? Umesahau nini?"

Alipiga magoti kwenye majivu, na suti yake, akauchukua ule mkono. Ulikuwa baridi.

"Nimekusahau wewe, mama."

Adelfina alimwangalia kipara, akamwangalia koti, akavuta pua.

"Umekunywa," alisema.

"Kwa Mama Kaneza."

Hapo ndipo Adelfina alipojua kwamba kila kitu kimeshasemwa. Midomo ikamtetemeka upande mmoja, upande wa pili ukatulia, naye akaugeuzia ukutani upande huo uliopooza ili mwanawe asiuone. Protasi alisogea akaketi upande huo huo.